Swali Nililokataa Kuuliza Getini

Siku mliyoniaga pale ofisini, baada ya soda na keki, mmoja wenu alinisogelea akaniambia kwa furaha kwamba fomu mpya ya kuomba kazi imekamilika. Akanionyesha. Katikati kulikuwa na swali linalotaka mwombaji aseme kama anapatikana mwishoni mwa wiki bila kipingamizi. Nilimrudishia karatasi yake nikanyamaza, kwa sababu watu walikuwa wanataka kupiga picha. Sasa nimestaafu, kuku wangu hawanihitaji mchana kutwa, na nitasema nililolinyamazia. Swali hilo nalijua tangu lilipokuwa linaulizwa kwa mdomo. Nilikataa kuliuliza wakati huo, na mngenipa fomu yenu leo nisingeijaza.

Vyeo vyangu sitavieleza, na mshahara wangu hauwahusu. Nitaeleza kazi.

Nilianza Migori mjini, miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza inaanza, nikiwa karani katika yadi ya malori. Tulibeba mahindi, saruji na chochote kilichokuwa na mwenyewe. Msimamizi alikuwa Mzee Marwa, Mkuria kutoka upande wa Isebania, mtu mrefu, mwenye maneno machache, aliyevaa koti hata jua likichoma. Siku yangu ya kwanza alinipa stuli, akaniambia niketi karibu na geti nitazame anavyoandika wapakiaji. Nilitayarisha kalamu nikitegemea maswali. Hakuuliza hata moja. Aliwachukua watu wawili wasiojuana, akawaonyesha gunia la mahindi, akawaambia walipandishe kwenye lori.

Aliyeinua upande wake kabla mwenzake hajashika vizuri alishukuriwa akaenda zake, hata angekuwa na mabega mapana namna gani. Aliyemtazama mwenzake kwanza ndiye aliyebaki. Yadi ile ilikuwa na watu wachache waliovunjika miguu kuliko yadi zote za mji, na nadhani sababu ni hiyo.

Nilimwuliza kwa nini haulizi mtu ametoka wapi, ni wa kabila gani, anasali wapi. Miaka ile watu wa pale mpakani walikuwa wanaulizana hayo sana, na si kwa wema. Mzee Marwa akasema, "Binti yangu, gunia halijui mambo hayo."

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa gumu zaidi. Kila mpakiaji alipoacha kazi, Mzee alimfuata mpaka hotelini, akamnunulia chai, akamwuliza ameacha kwa nini. Hakumbembeleza arudi. Alitaka tu kujua. Usipojua aliyeondoka ameondoka kwa nini, aliniambia, utamleta mwingine aondoke kwa sababu ileile, na utadhani watu ndio wabaya. Ninyi siku hizi mnaita kampuni za Nairobi ziwatafutie watu. Chai ya hotelini ingewatosha.

Baada ya miaka michache kiwanda cha samaki kilijengwa Homa Bay, nami nikachukuliwa kuwa afisa wa wafanyakazi. Jina la kiwanda halina maana tena, kilishafungwa. Kazi yetu ilikuwa kupokea mbuta, kuwapasua, kutoa minofu, kuigandisha na kuipeleka uwanja wa ndege Nairobi. Asubuhi ya kwanza ya kuandika watu, barabara ya getini ilijaa mpaka wauza mandazi wakahamia kwetu. Madiwani walituma vikaratasi vya kuwapendekeza jamaa zao. Mimi nilikuwa na meza ndefu, kisu kimoja, chuma kimoja cha kunolea na mbuta mmoja mkubwa. Niliwaweka watu wawili wawili, kama Mzee Marwa. Anayekata na anayeshikilia, kisha wabadilishane. Ndani ya muda mfupi nilimjua mwenye haraka, mwenye hasira, na yule anayempa mwenzake kisu kwa kutanguliza mpini. Vikaratasi vya madiwani vilikuwa na matumizi yake: mbuta hutoa maji mengi, na meza ilihitaji kufutwa.

Waliowapita wote kwa kisu walikuwa wanawake wa ufuoni, ila hawakuwa wengi. Kwa hiyo nilipanda boti ya injini, nikaenda kuwatafuta Remba. Kile kisiwa kimebanana mabati na mabati, huwezi kufungua mlango bila kuugonga wa jirani. Nilimkuta Turfena nyuma ya nyumba ya kupimia samaki, ameketi juu ya kreti iliyopinduliwa, anapasua mbuta huku anabishana na mwanamume aliyetaka kumlalia bei. Hakutazama kisu. Mfupa ulitoka mweupe, hauna nyama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyomlazimu mtu anyamaze ili amsikie.

Nilimweleza kazi ilivyo. Nilimwambia ukweli kuhusu baridi, kwamba vidole hufa ganzi na harufu haitoki kwenye nywele. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuja," akasema. "Lakini mimi ni Sabato. Jumamosi usinitafute mpaka jua lizame."

Nikamwambia sawa. Mimi ni Mkatoliki. Kwangu ilikuwa kama mtu kuniambia hali pilipili. Akaja, akawaleta wenzake, wengi wao wa kanisa lake, na kwa miezi ya kwanza kiwanda kilikuwa na meza ya kisu ambayo wageni waliletwa kuitazama.

Shida ilianza wanunuzi wa ng'ambo walipoongeza mahitaji yao. Malori ya Nairobi yalipangwa kuondoka Jumapili alfajiri, kwa hiyo Jumamosi ikawa siku ya samaki wengi kuliko zote, na ndiyo siku ambayo nusu ya meza ilikuwa kanisani. Meneja wetu alikuwa Bwana Oluoch, kijana wa nyumbani aliyekulia Nairobi, ambaye Dholuo chake kilikuwa cha kusalimia tu. Hakuwa mtu mbaya. Wenye kiwanda walimpigia simu kila siku, na mtu anayepigiwa simu kila siku huacha kufikiri.

Aliniita ofisini. Akaniambia kuanzia sasa kila anayekuja kuomba kazi nimwulize kama anaweza kufanya kazi Jumamosi. Akisema hapana, nimshukuru, aende. Hao waliopo tayari, wachague kati ya Jumamosi na kazi.

"Hilo swali sitaliuliza," nikasema.

Alidhani sikuelewa. Akanieleza upya, polepole, kwamba si ubaguzi wa dini, ni swali la ratiba tu.

"Bwana Oluoch," nikamwambia, "hapa Homa Bay ukimwuliza mtu habari za Jumamosi, umemwuliza kanisa lake. Wewe unajua, mimi najua, na yeye atajua kabla sijamaliza sentensi. Mimi huajiri mikono. Mungu wa mtu simwulizi getini."

Nilimpa mpango. Wakatoliki, Waanglikana na wale wasiosali popote wafanye Jumamosi, Wasabato wafanye Jumapili, na lori la pili liondoke Jumatatu. Akasema Jumapili hakuna samaki. Nikamwambia Remba hakuna mtu anayemwuliza mbuta ni siku gani, wapo Jumapili kama Jumatano. Akasema mpango huo ungemlazimu kuwaeleza wenye kiwanda kwa nini lori limebadilika, naye hakutaka kueleza. Hapo nilielewa kwamba hatuzungumzii samaki tena.

"Basi wafukuze," akasema.

"Niliandikwa kuajiri," nikajibu. "Kufukuza tafuta mwingine."

Hakumtafuta mwingine. Jumatatu asubuhi alimwambia askari wa geti asiwafungulie. Nilipofika niliwakuta wamesimama nje na gambuti zao mikononi, Turfena mbele. Hakupiga kelele. Aliniuliza kama ni mimi niliyewafukuza. Nikasema si mimi.

"Wewe ndiye uliyekuja Remba," akasema. "Siku wewe utakaponiambia niende, nitaenda. Askari hakuniajiri."

Akaenda kuketi kwenye ukuta mfupi ng'ambo ya barabara, na wenzake wakamfuata. Waliketi hapo asubuhi hiyo na asubuhi nyingine nyingi zilizofuata, kuanzia Jumapili hadi Ijumaa, wakichambua omena za kuuza ili siku isipotee. Kila nilipoingia getini niliwasalimu kwa sauti, na Bwana Oluoch alisikia kutoka dirishani. Jamaa zangu waliniuliza kwa nini siachi kazi kama nina hasira hivyo. Niliwaambia nikiacha, atamleta atakayeuliza lile swali. Nilitaka anifukuze yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, na aseme sababu.

Hakunifukuza. Alinituma Macalder. Alikuwa amesikia kwamba wachimbaji wa dhahabu ni watu wa shida, wamezoea maji na baridi ya mashimoni, hawachagui siku. Nenda ukalete hao, akasema. Nilienda, kwa kuwa sikuwa na ugomvi na wachimbaji. Wao pia walistahili kazi ambayo paa lake haliangukii watu. Nilisimama kando ya mashimo, vijana wakipanda juu na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, nikawaeleza kiwanda kama nilivyomweleza Turfena. Kabla sijarudi nilimwambia mkubwa wao, mtu mmoja aliyeitwa Ochola, kwamba nitawachukua kwa furaha, lakini nataka anijibu kwa kweli: Je, wakisikia dhahabu imeonekana mahali, watabaki?

Ochola alicheka. Akasema, "Madam, hata wewe ungeenda."

Nilirudi na habari hiyo kwa Bwana Oluoch neno kwa neno. Akasema watabaki, kwa sababu kiwandani wanalipwa kwa uhakika. Nikawaleta. Walikuwa wanafunzi wazuri, wepesi wa kutania na wazito kidogo kwa kisu. Minofu yao mwanzoni ilikuwa kama imetafunwa. Jumamosi ya kwanza baadhi yao hawakuonekana. Ikabainika kwamba hata Macalder Wasabato wapo. Meneja aliniuliza kwa nini sikuwauliza. Nikamkumbusha kwamba nilimwambia sitauliza. Nadhani siku ile ndiyo alianza kuniogopa kidogo, na sikumwondolea hofu.

Halafu habari za dhahabu kule Osiri zikafika. Kuna mtu amechimba choo akakuta mwamba unang'aa. Sijui kama ilikuwa kweli, na haikuhitaji kuwa kweli. Wachimbaji wetu waliondoka Ijumaa jioni na mishahara yao, wakiniaga kwa heshima. Ochola alisimama getini akaniambia hana ubaya na mtu. Nikamwambia najua, nikamtakia heri. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Yeye alinijibu ukweli nilipomwuliza.

Jumamosi boti zilishusha samaki tangu asubuhi. Mbuta walijaa mezani, wakajaa kwenye mapipa, wakaanza kulazwa sakafuni juu ya turubai. Tuliokuwepo tulishika visu sote, mimi, karani, hata fundi wa mitambo. Kabla ya saa sita stima ikapotea, jenereta ikawaka, ikakohoa, ikazima. Barafu tuliyokuwa nayo ikawa ndiyo hiyohiyo. Saa tisa maji yake yalikuwa yanatiririka chini ya mlango wa chumba cha baridi, na Bwana Oluoch alikuwa ameacha kupokea simu.

Alinifuata mezani. Tai yake ilikuwa na magamba ya samaki.

"Waite wale akina mama," akasema.

"Umewafukuza," nikasema, "na leo ni Sabato."

Akaniambia niwaambie ni dharura, niwaombe msaada mara moja tu. Nikaosha kisu changu, nikavua aproni. Nilimwambia nitakwenda, lakini msaada sitaomba, kwa kuwa watu wale hawana deni kwetu hata watusaidie bure.

Kanisa lao lilikuwa kilimani, jengo la matofali lisilopigwa lipu. Walikuwa katika ibada ya alasiri, wanaimba kwa Dholuo bila ala. Nilisimama nyuma nikinuka samaki, na watu wakanipisha kiti. Hakuna aliyeniuliza mimi ni wa kanisa gani. Turfena alinifuata nje wimbo ulipoisha, amevaa gauni jeupe na kitambaa cheupe. Nilimwambia samaki wamejaa, stima imepotea na meneja amenituma. Akainua mkono kunizuia.

"Madam, leo hatuzungumzi kazi. Jua likizama utatuona."

Nilirudi na jibu hilo. Bwana Oluoch alitazama angani, kama mtu anayeweza kuliharakisha jua. Tuliendelea kukata. Sijawahi kuona alasiri ndefu vile, na sijawahi kufurahia kazi vile, ingawa vidole vyangu havikunisikia tena.

Jua lilipozama tuliwasikia kabla ya kuwaona, wanateremka kwa mazungumzo ya kawaida kama watu wanaotoka sokoni. Walikuwa bado na nguo zao nyeupe, gambuti na aproni ndani ya mifuko ya nailoni. Askari akafungua geti lote. Hawakuingia. Walisimama palepale kwenye mstari wa geti, na Turfena akaweka mfuko wake chini.

Bwana Oluoch alitoka mbio kuwakaribisha. Aliwaita mama zangu. Aliwashukuru kwa kuja kusaidia.

"Hatukuja kusaidia," Turfena akasema, kwa sauti ileile ya chini, na wote tukanyamaza ili tumsikie. "Tumekuja kuajiriwa. Madam atuandike kwanza, ndipo tuingie."

Meneja akasema mambo ya kuandikana ni ya Jumatatu, sasa tuokoe samaki. Turfena akamjibu kwamba Jumatatu samaki hawatakuwapo, na maneno ya meneja nayo hayatakuwapo. Nyuma yetu maji ya barafu yalikuwa yamefika uani.

"Waandike," Bwana Oluoch akaniambia.

Hapo ningeweza kutoa kalamu na kumaliza. Mtu mwenye huruma zaidi yangu angefanya hivyo. Mimi niliiacha mfukoni.

"Kwa masharti gani?" nikauliza. "Niambie hapa wasikie wote, mimi niandike unavyosema."

Alinitazama. Ulikuwa mtazamo wa mtu anayekumbuka kila kitu nilichowahi kumwambia. Kisha akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, mbele ya askari na karani na fundi na wauza mandazi waliokuwa wamekuja kutazama, kwamba Jumamosi ni yao mpaka jua lizame, kwamba watafanya Jumapili, na kwamba anayekuja kuomba kazi hataulizwa.

Nikaandika. Niliandika jina moja moja, polepole, kwa mwandiko mzuri, na kila aliyeandikwa alivuka mstari wa geti, akafunga aproni juu ya gauni lake la kanisani, akaingia. Turfena aliandikwa wa mwisho kwa kupenda kwake. Lori liliondoka limechelewa kidogo, na lilikuwa limejaa.

Ule mpango wangu wa siku mbili ukaanza wiki hiyohiyo. Kiwanda kikafanya kazi juma zima, na wenye kiwanda wakampigia simu Bwana Oluoch kumpongeza kwa ubunifu. Alizipokea pongezi. Ochola na wenzake wachache walirudi kutoka Osiri mikono mitupu, nikawaandika tena, na kwa kisu wakawa watu kamili. Mimi kabla mwaka haujaisha nikahamishwa, kwa faida ya kampuni, kwenda kuanzisha kituo kidogo cha kupokea samaki Migori. Bwana Oluoch aliniambia habari hizo bila kunitazama. Alisema nilimshinda mbele ya watu. Nilimwambia angenisikiliza ofisini tulipokuwa wawili, ushindi huo ungekuwa wake. Hatukupeana mkono. Sijutii, na kama yungali hai na anasoma haya, ajue kwamba sijutii.

Turfena alibaki Homa Bay, akawa msimamizi wa meza. Aliniaga kwa kunipa kisu chake cha zamani cha Remba na kuniambia nisiwaache wanitie woga.

Kituo cha Migori kilikuwa banda la mabati lisilo hata na ubao wa jina. Nilifika na funguo na ndoo. Sikuwa nimetangaza kazi yoyote, nilikuwa bado nafagia, nilipoona watu watatu wamesimama nje ya geti. Mmoja alikuwa mama wa Kikuria aliyebeba mtoto mgongoni, wa pili kijana wa Kijaluo mwenye rozari shingoni, wa tatu mzee kidogo, mchungaji wa ng'ombe kwa fimbo yake, ambaye kwa kumtazama tu sikuona kama kanisa lolote lilikuwa linamdai. Walisukumana nani aseme. Akasema mama.

"Tumesikia kuna mahali hawaulizi," akasema. "Ni hapa?"

"Ni hapa," nikasema, nikaweka ufagio chini nikawafungulia.